Moyo Hula Ukipumzika

Nimestaafu. Chekeni tu, hata mama alicheka mpaka akashikilia mlango. Nina miaka kumi na minane, Jumatatu naanza Senior Four, na kile kiti cha plastiki pale kliniki ya Gudele, hapa Juba, chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, sasa ni chenu. Nasikia Madam Nafula amewachagua wawili mpokezane. Basi nisikilizeni kabla hamjakikalia. Mimi ni mtu wa haya, mnanijua. Tukikutana njiani nitainamisha kichwa niseme "niaje" kwa sauti ya kifaranga. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kazi yenyewe ni hii. Madam Nafula, Mkenya wa Bungoma, ndiye fundi wa mashine ya eko, ile inayopeleka mawimbi ya sauti kifuani na kuuonyesha moyo kwenye skrini unavyofanya kazi, bila kumpasua mtu. Yeye ana Kiswahili na Kiingereza. Wagonjwa wengi wana Kiarabu cha Juba. Mimi nililelewa Nakuru, kwa hiyo Kiswahili ninacho, na Kiarabu nilikiokota kwa majirani tuliporudi. Nikawekwa katikati. Mimi, ambaye shuleni nikijua jibu nilikuwa naliandika kwenye kiganja badala ya kuinua mkono, nikapewa kazi ya kuwa mdomo wa watu. Mungu naye ana utani wake.

Anzeni na jeli. Jeli ni ile dawa laini ya kupaka kifuani ili kichwa cha mashine kiteleze na kione. Ukiitoa chupani moja kwa moja, mtu anaruka, na moyo ulioruka hausomeki. Iwekeni chupa kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Mjaribu kwanza kwenye mkono wenu, ndani ya kiwiko, kama anayejaribu maziwa ya mtoto. Halafu lawa, ile shuka wanawake wanayofunga begani, msimvue mtu. Mwambieni aishike mwenyewe, aipitishe chini ya titi, alale ubavu wa kushoto. Akilala hivyo moyo unasogea karibu na mbavu. Akiona ameshika nguo yake kwa mkono wake mwenyewe, atatulia.

Siku yangu ya kwanza Madam aliniambia, "Keji, tafsiri kila neno. Usiongeze, usipunguze." Nikaapa moyoni. Akaingia habuba mmoja, yaani bibi mzee, na mabinti zake. Tukamlaza, jeli ikapakwa, skrini ikawaka. Kumbe stebilaiza, kile kisanduku cha kutuliza stima ya mashine, ilikuwa na kasoro tangu asubuhi. Picha ikapotea. Madam akaguna, akasema, "Aa, hii sasa imekufa."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

Yule habuba alifumba macho kwa upole kabisa, kama mtu aliyekuwa akiingoja hiyo habari. Mabinti wakapiga kelele. Mmoja alishakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kilio cha matanga kimeanza. Watu waliokuwa wakingoja nje wakaingia kutoa pole. Madam ananiangalia, "Umewaambia nini?" Nami nimeng'ang'ania mguu wa habuba. Ni habuba mwenyewe aliyefumbua jicho moja akauliza, "Kama nimekufa, mbona huyu mtoto wa watu ananitetemekea mguuni?"

Baada ya hapo tukaelewana: ya mgonjwa natafsiri, ya stima namwachia Madam.

Jambo la pili, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu. Watu wetu hawasemi wanaumwa. Mkiuliza "kef?" mtajibiwa "kweis", yaani nzuri, hata na mtu aliyebebwa. Si uongo. Ni adabu. Ukishaulizwa hali lazima useme nzuri kwanza, na mtu akishasema nzuri mbele ya watu anaona aibu kurudi nyuma. Mara ngapi Madam ameuliza, "Ukitembea unachoka?" nami nikauliza, na mgonjwa akasema hapana, huku shanga zinarukaruka shingoni kwa jinsi anavyohema.

Madam akanifundisha kuuliza kwa upande. "Usimuulize habari za mwili," alisema. "Muulize habari za nyumba. Nani anachota maji siku hizi? Kitanda kimehamia wapi? Akienda sokoni anapita njia ipi, na zamani alipita ipi?" Mwili ukianza kushindwa, watu huhamisha vitu kimya kimya. Ndoo inapewa mtoto. Njia fupi yenye mlima inaachwa, inachukuliwa ndefu iliyo tambarare, na sababu inatungwa: ile fupi ina mbwa.

Nilidhani nimelielewa somo hilo vizuri. Nitawaambia jinsi lilivyonipita puani nyumbani kwangu mwenyewe.

Lakini kwanza moyo. Siwezi kuacha kuusema moyo.

Siku ambayo hapakuwa na wagonjwa, mvua ilikuwa imeharibu njia, Madam alinionyesha picha ya moyo mzima aliyoihifadhi kwenye mashine. Unaona chumba cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini kote. Kwenye mlango wa kutokea kuna vali, na ukiitazama kutoka juu ikiwa imefungwa ni kama sambusa tatu zilizokutanisha pembe katikati ya sahani. Tap, zinafunguka, damu inapita. Tap, zinafunga. Huyo mtu alikuwa amelala tu anafikiria mambo yake, labda anafikiria bei ya mkaa, na ndani yake zile sambusa zinafunguka na kufunga bila kuombwa. Nilisahau kufunga mdomo.

"Sasa niambie," Madam akasema, "moyo wenyewe unakula wapi?"

Nikasema, si umejaa damu? Unakunywa humo humo.

"Hapana. Hapo ndipo watu hukosea. Chumba kimejaa damu, lakini ile nyama nene ya ukuta hainywi iliyo chumbani. Lazima damu itoke kwanza mlangoni." Akaweka kidole juu kidogo ya zile sambusa. "Hapa, mara tu ukivuka mlango, kuna matundu mawili. Ndiyo mwanzo wa mishipa inayorudi kuulisha moyo. Umepata?"

Nikasema nimepata. Akasema sijapata bado, nikunje ngumi.

Fanyeni na ninyi sasa hivi, mnaposoma. Kunjeni ngumi kwa nguvu, hesabuni kidogo, halafu mfungue haraka mkiangalia kiganja. Kimepauka, sivyo? Halafu damu inarudi polepole. "Moyo nao ni ngumi," Madam alisema. "Ukikaza, unawapelekea wengine damu, lakini unajifinya mwenyewe, vimishipa vilivyo ndani ya ukuta wake vinabanwa. Ukilegea ndipo damu yake inaingia. Mwili wote unapata damu moyo ukifanya kazi. Moyo unapata zaidi ukipumzika. Ule mwanya mdogo kati ya pigo na pigo, hiyo ndiyo saa yake ya chakula."

Niliketi pale kwenye kiti chenye mpira wa baiskeli. Weka mkono kifuani. Huo mwanya. Huo mdogo. Tangu kabla hujazaliwa umekuwa ukila humo, na hakuna aliyekuambia.

"Na mlango ukiwa mwembamba?" nikauliza mwishowe.

"Ah. Sasa unaniuliza maswali." Akafurahi. Akanieleza, nami nawaeleza ninyi jinsi nilivyoelewa. Vali ikishikamana na kukauka, tundu linabaki dogo. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi kila pigo, ili damu ile ile ipite. Kama msuli wowote unaobeba mizigo, ukuta unanenepa. Ukuta mnene unahitaji chakula kingi zaidi. Lakini kule nje, kwenye yale matundu mawili, damu inafika kwa msukumo hafifu, kwa sababu nguvu nyingi zimeishia mlangoni. Na huku ndani ukuta umekaza, unaendelea kuvifinya vimishipa vyake. Na kwa kuwa kusukuma kumechukua muda mrefu, mwanya wa kupumzika umepungua. Njaa imeongezeka, chakula kimepungua, na saa ya kula imefupishwa. Akikaa, mtu huyo anaweza kuwa sawa kabisa. Akipanda mlima au akikimbia, mapigo yanakaribiana, mwanya unakaribia kuisha, na moyo unalia njaa. Hayo ndiyo maumivu ya kifua. Mwingine anaanguka akazimia. Mwingine anaanguka asiamke, na jana yake alikuwa anacheka.

"Na mishipa yake yenyewe inaweza kuwa misafi, haijaziba popote," Madam akamaliza. "Kosa liko mlangoni, njaa iko ukutani."

Nikaenda nyumbani nikaandika kurasa nne kwenye shajara. Nilikuwa napita mtaani nikiwaangalia watu vifua.

Sasa nyumbani. Mjomba Wani, kaka wa mama, anaishi nasi ua mmoja pamoja na mke wake, anti Jwan, na watoto wao. Wao walikimbilia Uganda wakati sisi tulikimbilia Kenya, kwa hiyo Kiswahili chao ni kile cha Arua, na watoto wetu wa Nakuru hucheka mpaka wanazabwa kofi. Mjomba ni fundi wa viatu, na mtaa mzima ulimjua kwa salamu. Asubuhi akitoka kwenda kazini, kwa barabara inayopanda kuelekea kwenye stendi ya basi, anasimama kwa kila mtu. Kwa mchomeleaji, mkono, habari ya nyumba, ya watoto, ya mvua. Kwa mama wa chai, hivyo hivyo. Kwa muuza vocha, hivyo hivyo. Mama alikuwa akitusema kwa ajili yake: "Nyinyi vijana mnapita watu kama nguzo. Mwangalieni mjomba wenu." Padri alishamtaja kanisani, jamani, kama mfano wa upendo.

Anti Jwan ndiye pekee aliyeona anapungua nguvu, na alijua sababu. "Hii mutu yangu damu yake kidogo," alisema. Kwa hiyo kulikuwa na karkade, yale maji ya maua ya rosela, kwenye jagi, nyekundu, asubuhi na mchana, na maini kila yalipopatikana. Mjomba alikunywa bila kulalamika. Midomo ilikuwa ikibaki myekundu kama ya bibi harusi.

Ndipo ikaja habari ya mechi. Kanisa liliandaa mpira wa wazee kwenye kiwanja cha upande wa Bilpam, Jumamosi: waliorudi kutoka Uganda dhidi ya waliorudi kutoka Kenya. Mtaa ulipagawa. Mjomba alikuwa winga wa kulia wa Arua enzi hizo, na jezi yake ilikuwa imeshafuliwa na kuanikwa mahali ambapo baba yangu, beki wa Nakuru, angelazimika kuiona.

"Shemeji," baba alimwambia, "Jumamosi nitakuweka mfukoni."

"Wewe? Mimi napita wewe kama raksha napita punda." Raksha ndiyo bajaji.

Wiki ile ile mama alinituma chai kwa yule mama wa barabarani. Akanimiminia, akaniuliza kwa Kiarabu, "Wani ni mjomba wako? Mwambie ameniudhi."

Nikauliza kwa nini.

"Asubuhi ananipenda, jioni hanijui. Asubuhi anasimama hapa mpaka maji yangu yanakauka, ananiuliza hata hali ya mbuzi. Jioni akirudi, anapunga mkono tu, huyo amepita. Mimi ni mke wa asubuhi?"

Wateja wake walicheka. Mimi nilicheka pia, nikabeba chupa, nikatembea kama hatua chache, kisha nikasimama katikati ya barabara. Pikipiki ilinipigia honi.

Asubuhi barabara inapanda. Jioni inashuka.

Kesho yake nilimfuata nikiwa nyuma kidogo. Kwa mchomeleaji mkono wa kulia ulikuwa ukisalimia na wa kushoto umeshika fundo la shati, hapa katikati ya kifua. Aliongea kidogo sana. Aliuliza tu maswali, ili mwenzake ndiye aongee, na yeye akitikisa kichwa akingoja. Akishapata pumzi, "Haya, tutaonana," anaenda mpaka kwa anayefuata. Padri aliona upendo. Mtaa uliona adabu. Mimi niliyefundishwa kuuliza nani anachota maji, nilikuwa nimekula naye sahani moja mwaka mzima.

Nikamwambia Madam. Aliacha kuifuta mashine. "Maumivu akipanda, akisimama yanaisha?"

"Naona hivyo."

"Ameshawahi kuanguka?"

Nikakumbuka wakati wa Pasaka, akibeba ngoma kubwa ya kanisa kule Kator, alipiga magoti ghafla. Watu walidhani amezidiwa na Roho.

Madam akaweka kitambaa chini. Kisha akasema, "Huyo mtu asikimbie hata kufukuza kuku mpaka nimwone."

Ilikuwa Alhamisi. Sasa nielezeni, ninyi, msichana mwenye haya anamwambiaje mjomba wake, kaka wa mama yake, kwamba ni mgonjwa, wakati yeye amesema kweis? Si kazi ya mdomo wangu hiyo. Nilijaribu kwa anti Jwan. Akasema ataongeza maini. Nilijaribu kwa mama, akasema, "Usimtabirie mtu mabaya." Nilijaribu kwa mjomba mwenyewe wakati wa kunawa mikono. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mjomba, sabuni hii hapa."

Mwisho nilisema jambo ambalo lilikuwa kweli. Madam alikuwa ameniahidi kunifundisha majina ya vyumba vya moyo nikimletea mtu mwembamba atakayekubali kulala kwa muda. Nikamwambia mjomba ninahitaji mtu wa kujifunzia.

"Mutu ya moyo nguvu?"

"Mwembamba, mjomba."

"Basi ni mimi." Ijumaa akaja na jezi yake chini ya koti.

Alipanda kitandani akitania, jeli yenye vuguvugu ikapakwa, akasema hata mke wake hajawahi kumpashia kitu moto hivyo. Skrini ikawaka. Nilitafuta sambusa tatu. Hazikuwepo. Kulikuwa na midomo miwili minene, myeupe kwa chokaa ya mwili, na katikati mwanya kama tundu la kifungo cha shati. Ukuta wa kushoto ulikuwa mnene kiasi kwamba chumba kimebaki chembamba. Madam akawasha sauti ya mtiririko wa damu. Ule wa kawaida unavuma kama mtu anayefagia uani. Wa mjomba ulikuwa mkali na mwembamba, kama kuchana kitambaa.

Na bado ulikuwa unapiga. Nataka mwelewe hilo. Kwa tundu lile la kifungo, moyo ule ulikuwa umemlea, umemvusha mpaka kwenda na kurudi, umemchezesha winga, umeshona viatu vya nusu ya Gudele. Machozi yalinijaa, lakini haikuwa huzuni, si yote.

"Amezaliwa na majani mawili ya vali badala ya matatu," Madam akanong'ona. "Yakachakaa mapema." Kisha kwa sauti, "Mzee Wani, ukitembea kifua hakikusumbui?"

"Hapana. Mimi iko sawa."

"Hata ukipanda?"

"Sawa kabisa. Kesho napiga magoli."

Madam akaniangalia. Hakuniomba nitafsiri, mjomba Kiswahili anakisikia. Aliniangalia tu. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Mjomba," nikasema, nikiangalia sakafu. "Unasalimia watu ukipanda. Ukishuka husalimii."

Feni ilikuwa inalia juu.

"Nani naambia wewe?"

"Mama wa chai. Amesema yeye ni mke wa asubuhi."

Kitanda kikatikisika; nilidhani amekasirika, kumbe anacheka, na alicheka mpaka Madam akaondoa kichwa cha mashine. Kisha akaacha. Akageuza uso ukutani. "Inakuja hapa," akasema, na sauti yake ilikuwa tofauti, ya mtu asiye na mtaa wa kumtazama. "Kama mutu nakanyaga na gambuti. Mimi nasimama, inaondoka. Mimi nafikiri ni uzee. Mutu namna gani itaambia bibi yake uzee imekuja, na watoto bado ndogo?"

Madam alimfuta jeli taratibu, akamketisha, akamwambia akunje ngumi. Mjomba akakunja, akafungua, akaangalia kiganja cha fundi wa viatu kikipauka na kurudi. Akamweleza yote, mlango, matundu mawili, mwanya. Mjomba akarudia ngumi haraka haraka, kama mtu anayekimbia, na kiganja hakikupata nafasi ya kuwa chekundu. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo hii moyo ni kama mupishi ya harusi," akasema. "Yeye nakula wakati wageni yote imeenda."

"Na kama mlango ni mwembamba," Madam akasema, "wageni wanatoka mmoja mmoja?"

"Basi mupishi nakufa njaa na sufuria iko imejaa." Akavaa koti juu ya jezi. "Karkade haisaidii."

"Damu unayo, mzee. Shida ni saa ya chakula."

Dakta alipofika mchana akasikiliza kifua na shingo, akasema yale yale kwa maneno machache: asicheze, asibebe, na vali ile haitafunguka kwa dawa; itabidi ibadilishwe, Nairobi.

Jumamosi mjomba alikwenda kiwanjani na jezi yake, akakaa kwenye benchi. Baba alimwuliza kama Arua wameanza visingizio. Mjomba akamwita karibu, wote wakasogea, Arua na Nakuru, akawaambia mwenyewe: "Mulango ya moyo yangu imekuwa ndogo." Akawakunjisha ngumi, wazee wazima, jezi zimewabana matumbo, wamesimama katikati ya kiwanja wakifungua viganja. Mwamuzi alipuliza kipenga mara kadhaa kabla hawajamsikia. Arua walifungwa. Mjomba ameniruhusu niandike yote haya kwa sharti niseme angekuwepo wasingefungwa.

Jinsi alivyofika Nairobi, kanisa zima lilitia mkono mfukoni, na Madam alipiga simu mpaka sikio likawa jekundu. Miezi ilipita akingoja, na katika miezi hiyo anti Jwan alimnyang'anya hata kijiko kizito. Alifunguliwa kifua. Siku hiyo hakuna aliyepika kwetu. Tulikaa uani tukiangalia simu iliyowekwa juu ya kinu. Baba ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akakaa chini kwenye mchanga, akatuinulia kidole gumba.

Amerudi. Ana kovu refu na vali ya chuma kifuani, anameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku na anapimwa damu kila baada ya muda, na hilo, ninyi wa kiti, ndilo mtakaloshughulika nalo: wakumbusheni wenye vali za chuma wasiruke dawa hata wakijisikia wazima. Hasa wakijisikia wazima.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa kwake baada ya chakula. Stima ilikatika, jenereta la jirani likazimika, na mtaa ukanyamaza jinsi unavyonyamaza mara chache sana. Mtoto wake mdogo akainua kichwa akaanza kutafuta saa. Akaangalia ukutani, akaangalia chini ya mto. Tik. Tik. Tik. Akatambaa akifuata sauti mpaka kwenye goti la baba yake, akapanda, akaweka sikio kifuani, akaruka nyuma.

"Iko humu," akasema.

"Ni mulango yangu mupya," mjomba akasema. "Inafunga vizuri."

Anti Jwan alisimama na sahani mkononi. "Vizuri," akasema. "Sasa ukijificha kwa mama ya chai, mimi nasikia."

Tulicheka, kisha mjomba akainua kidole tunyamaze. Madaktari walimwambia jambo, akasema, na anataka tulijue. Akafungua mdomo wake wazi, kama kwa daktari wa meno, na sauti ikatoka kubwa zaidi, safi, tik, na katikati ule mwanya mdogo, na tik, na sisi wote, mama, baba, watoto, tumesogeza vichwa karibu na mdomo wa mtu mzima uliofunguliwa, hakuna anayecheka tena, tunasikiliza.